Maneno Niliyomwandikia Mama

Jumatatu, 19 Agosti
Mama amenipokea kwa ndoo. Sanduku langu lilikuwa bado mkononi, vumbi la basi la Craiova limenijaa puani, akaninyooshea ndoo mbili na kuniuliza kama huko Bukaresti watu bado wanajua kuinama. Plamu zimeanza kudondoka. Nimeokota mpaka jua likazama, nyigu wameniuma shingoni na kwenye kidole cha kuandikia, na hakuna aliyeniuliza habari za safari.

Nimekuja kwa mambo mawili. La kwanza nimemwambia: kumsaidia mavuno. La pili sijamwambia. Oktoba atajifanyia matanga yake mwenyewe akiwa hai, kama wafanyavyo wazee wa huku kwetu Oltenia, na mimi nayahitaji kwa riwaya yangu ya pili. Mhariri wangu, Manole, ananipigia simu kila wiki kudai sura ya mwisho.

Jumatano, 21 Agosti
Plamu. Mgongo.

Ijumaa, 23 Agosti
Maandalizi ya matanga yamejaa chumba cha mbele ambamo hatukai: kitanda kipya, meza, viti, jagi, mablanketi, mishumaa minene kama mkono. Vyote ni vya kugawa. Unachokitoa kwa mkono wako siku hiyo utakikuta huko uendako, na wazee wetu hawana imani kwamba watoto wao watawatolea baada ya kufa. Mama anasema hayo akinitazama usoni.

Kubwa kuliko yote ni nguo. Jozi kamili, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, anapewa mtu mmoja tu. Anaitwa kwa jina mbele ya watu wote, anaingia ndani anavaa, anatoka na kuketi kando ya mwenye matanga kula naye. Mtu wa nguo ni mtu wa moyoni. Sasa niseme ukweli humu, kwa kuwa humu hasomi mtu: sura ya mwisho nimeshaiandika. Binti anaitwa, anavaa, na mama yake, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwambia neno jema, anamwambia. Kilichobaki ni mama yangu kuyafanya hayo ili nione alivyoshika kitambaa na mwanga ulivyokuwa.

Nasema ni kwa ajili ya riwaya. Nina miaka arobaini na sita, na ninataka aniite.

Jumatatu, 26 Agosti
Veta huingia kila asubuhi bila kubisha, anajimiminia kahawa, anakaa. Yeye na mama ni rika moja, wote wajane. Uzio uliotenganisha nyumba zao mama aliuchoma majira fulani ya baridi kuni zilipokwisha, na Veta akaleta nyundo kung'oa mbao zilizobaki. Tangu utotoni namwita shangazi ingawa si ndugu. Ni mwanamke mfupi asiye na hadithi hata moja. Nimemtazama wiki nzima nikitafuta cha kuandika, sijapata.

Jumapili, 1 Septemba
Hili lazima niliandike lote.

Baada ya ibada mama alimpa Veta kikombe cha maji na mkate mdogo uliosokotwa, mshumaa umechomekwa juu yake, kama watu wa huku wanavyowatolea wafu, akasema ni kwa Nelu. Nikauliza Nelu ni nani.

"Wa kwako," mama akasema. "Yule uliyemuua katikati ya kitabu."

Katika riwaya yangu ya kwanza kuna mtoto wa kiume, mdogo wake msimuliaji, anayekufa kwa homa peke yake wakati mama amekwenda kwa majirani. Mimi sina kaka wala mdogo. Nilimwingiza kwa sababu kitabu kilikuwa kimelala na nilihitaji wasomaji walie mahali fulani. Nikamweleza mama kwa upole wote, kama unavyomweleza mtalii, kwamba huyo mtoto nimemtunga, hayupo.

"Ana jina?"

"Ana jina, ndiyo."

"Na alikufa?"

"Kwenye kitabu, mama."

"Tena gizani, hukumwekea hata mtu wa kumwashia mshumaa. Basi ana kiu," akasema. "Miaka minane nampa maji. Wewe ulimuua ukaenda kulala."

Nilicheka mpaka nikashika meza, kisha nikakimbilia chumbani kuandika, maana kitu kama hiki hakipatikani kwa kutafuta. Nilipokuwa naandika nikawasikia kupitia dirishani. Veta alikuwa anauliza viatu vya Nelu vya mwaka huu viwe na ukubwa gani, maana kwenye matanga naye atatolewa vyake, na mama akamjibu papo hapo: mtoto ana mguu mpana, anamfuata babu yake. Mimi sikuwahi kumpa miguu. Nimepekua kitabu changu mchana kutwa. Sikumpa hata uso.

Jumanne, 3 Septemba
Joto. Nyigu wamelewa plamu zilizooza, wanatembea chini.

Jumamosi, 7 Septemba
Nimemuuliza mama, kwa mara ya kwanza tangu kitabu kitoke, alikionaje. Alikuwa anachambua maharage. Nilijiandaa kwa hasira, maana kijiji kizima kilimbandika jina la Fimbo kwa sababu ya kitabu hicho. Mle ndani mama anapiga kila Jumamosi. Huyu wangu alinipiga mara tatu katika maisha yake yote, lakini mara tatu hazijengi riwaya, na sitamwomba mtu radhi kwa kuijua kazi yangu.

Hakutaja fimbo kabisa. Alisema, "Kurasa mia tatu, hujanikalisha hata mara moja. Nasimama jikoni, nasimama kisimani, nasimama mlangoni napiga kelele. Ulishindwa hata kunipa kigoda?"

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. Jioni nilikipitia tena kitabu kwa kalamu mkononi. Ni kweli, hakai. Wakosoaji walikisifu kwa macho yake makali yasiyokosa kitu. Licha ya shahada zao zote, na yangu, hakuna aliyeona kwamba yule mwanamke hajakaa.

Jumapili, 8 Septemba
Nimeandika ukurasa ambapo mama amekaa, nikamsomea. Akasikiliza, akasema sasa anakaa kama mke wa padri wetu wa Kiorthodoksi, na je, nani anapika?

Alhamisi, 12 Septemba
Leo nimemchokoza makusudi. Mazungumzo ya sura ya kumi yalikuwa makavu, nikajua nikimgusa panapouma atanipa sentensi. Tulikuwa chini ya miplamu, kila mtu na ndoo yake. Nikamuuliza kwa nini hakuja siku nilipotunukiwa tuzo ya kitabu pale Craiova, watu mia mbili ukumbini na kiti chake kitupu. Nikamwambia hata Veta angekuja kama ningekuwa wake. Nikaendelea. Nilikuwa naisikia sauti yangu ilivyo tamu.

Akaweka ndoo chini. Akasema, "Ulitaka nije wanione. Wamwone mnyama mwenyewe." Halafu pumzi ikamkata, akashika shina la mti, midomo ikawa ya samawati. Moyo wake umekuwa hivyo tangu Pasaka.

Hapa sitajipamba. Nilimwita Veta, na Veta alipofika tu na vidonge, mimi nikaingia ndani kuandika ile sentensi kabla haijanipotea. Wamwone mnyama mwenyewe. Niliiandika, nikaisoma kwa sauti, nikaona ni nzuri. Nilipotoka alikuwa ameshalala, Veta anampepea kwa gazeti, na hakuna kati yao aliyeniuliza nilikuwa wapi.

Ijumaa, 13 Septemba
Yuko sawa. Ameamka na kunigombeza kwa ndoo niliyoiacha nje.

Jumanne, 17 Septemba
Mvua. Plamu zote zimo ndani ya mapipa zinachachuka, banda lote linanuka. Hakuna kazi ya nje. Veta yuko kwake, magoti yanamuuma.

Nimefanya jambo ambalo mwandishi mwenye akili hafanyi. Nimemsomea mama sura ya mwisho. Najiambia nilitaka kujua kama desturi nimeziweka sawa. Uongo. Nilitaka ajue anachotakiwa kusema. Kama haya maneno hana, basi mimi ninayo, nimeyatengeneza kwa kipimo cha mdomo wake, nimempa bure. Mama wa riwaya anamkabidhi binti nguo na kusema:

Maneno matamu sikupewa, nilipewa mikono tu. Kama mikono hii ilikuumiza, ilikuwa mikono ya mtu aliyeogopa. Kila nilipochota maji, nilichota na ya kwako. Vaa nguo zangu. Huko niendako wakiniuliza nani alinijua, nitataja jina lako.

Nilipomaliza sikuthubutu kuinua macho. Mvua ilikuwa inapiga bati la banda. Nikangoja aniulize nani anapika.

"Soma tena," akasema.

Jumatano, 18 Septemba
Mvua. Ametaka nimsomee tena, pale pa nguo tu. Alifumba macho. Veta alipobisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akibisha, tena kwa mguu, kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa mikate, mama akanifanyia ishara ninyamaze. Ana aibu. Sijawahi kumwona na aibu.

Ijumaa, 20 Septemba
Tena.

Jumatatu, 23 Septemba
Tena, asubuhi, kabla hata ya kahawa. Aliniuliza neno moja, kama ni "wakiniuliza" au "watakaponiuliza". Nimempigia Manole kumwambia riwaya imefika mahali ambapo riwaya hazifiki, kwamba inambadilisha mtu aliye hai mbele ya macho yangu. Akasema niiandike hiyo sentensi. Nimeiandika.

Jumamosi, 28 Septemba
Nguo zimekuja kutoka kwa fundi. Sketi nyeusi, blauzi nyeupe yenye nakshi mikononi, kizibao cha sufu, kitambaa cha kichwa. Mama akaniambia, "Simama hapo," akanizungushia sketi kiunoni akiwa amepiga magoti, pini mdomoni. Nilisimama wima kama nilivyosimama nikiwa na miaka sita. Mikono yake ilinigusa nyonga, kisha akapandisha pindo juu sana, nikamwambia itaniacha miundi nje. Akasema pini ndizo zinazojua. Macho yake yamekwisha, maskini. Nitaishusha mwenyewe baadaye.

Nimemwangalia utosini, nywele zimebaki chache. Nimekuwa mkatili kwa huyu mwanamke, nikadhani huko ndiko kuona.

Alhamisi, 3 Oktoba
Binamu Gogu amekuja na mtambo wake wa shaba, tunapika gongo. Tone la kwanza mama alimwaga chini kwa ajili ya wafu, la pili akasema ni la Nelu, Gogu akacheka na kusema mtoto ataharibika. Nilipokuwa nachochea moto nilimwona mama amekaa kwenye kigogo, midomo inacheza. Anakariri. Nikageuka nisimwaibishe.

Jumanne, 8 Oktoba
Kabichi, nyama, ngano ya kuchemsha, sukari, kokwa za jozi. Wanawake wameujaza ua. Wananiita "bibi mwandishi" na kunipa vitunguu nimenye, labda nilie kidogo.

Jumamosi, 12 Oktoba
Naandika hili jikoni, mikono bado ina sabuni.

Siku ilikuwa safi, bila wingu. Meza zilipangwa kutoka mlangoni hadi kwenye miplamu. Padri alisoma, akanyunyiza maji na kula vizuri. Mama alikaa mwanzoni mwa meza, mshumaa wake mkononi, akaanza kugawa. Kitanda kwa mjane wa mtaa wa chini. Meza kwa Gogu. Jagi, sahani, blanketi, kila kimoja kwa jina la anayepokea, na kila mmoja akajibu Mungu apokee. Viatu vya Nelu alipewa mjukuu wa padri, vikamkaa sawasawa. Mimi nilikuwa nimejitenga kidogo, karibu na mlango wa jikoni, sahani chafu mkononi, nimevaa soksi nyembamba chini ya gauni ili sketi ipite kirahisi. Nimeziandika hizo soksi ili nisije nikazisahau.

Akainuka. Veta akamshika kiwiko. Watu wakanyamaza, maana walijua zimebaki nguo. Mama akazichukua zikiwa zimekunjwa, akaziinua usawa wa kifua, kama nilivyoandika, kweli kabisa kama nilivyoandika, na akatazama upande wangu. Nikaweka sahani chini.

"Veta," akasema.

Kisha akageuka kwa yule mwanamke aliyemshika kiwiko, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Maneno matamu sikupewa, nilipewa mikono tu. Kila nilipochota maji, nilichota na ya kwako. Vaa nguo zangu. Huko niendako wakiniuliza nani alinijua, nitataja jina lako."

Veta alizipokea. Akaweka uso kwenye kizibao. Meza yote ililia. Padri alilia, Gogu alilia na uma mkononi, wanawake walionipa vitunguu walilia wakishikana mabega. Na mimi, Mungu anisamehe, kabla ya kuumia nilisikia kwamba sentensi ya mikono iliyoumiza ameiacha, na kwamba bila hiyo maneno yanakwenda vizuri zaidi.

Kuumia kulifuata. Veta aliingia ndani, akatoka amevaa. Sketi ilimfika kwenye kifundo cha mguu, pindo limenyooka kabisa. Aliketi kando ya mama, wakala kutoka sahani moja.

Gogu alinipita na glasi, macho mekundu, akasema, "Umesikia hayo? Hayo, binamu, hayatungwi."

"Niliyaandika mimi," nikamwambia. "Kila neno. Nimemsomea mwenyewe."

Aliniangalia kwa huruma hasa, akasema, "Hata leo, Domnica? Hata siku ya mama yako?" Akaenda kuwasimulia wengine. Niliona vichwa vikigeuka kimoja kimoja. Nikarudi jikoni kuosha sahani, na zilikuwa nyingi.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimemkuta peke yake barazani, amekaa.

"Yale maneno yalikuwa yangu, mama."

"Yalikuwa mazuri. Ningeyaacha yaoze?"

"Niliyaandika uniambie mimi."

"Najua, mimi si mjinga. Ulinisomea kama mtu anayemfundisha kasuku." Hakuwa na hasira. Alikuwa anakunja leso za jana, moja juu ya nyingine. "Hayo ni maneno ya kumwambia mtu unayempenda. Nilitafuta wa kumwambia, nikampata hapo ng'ambo. Miaka hamsini sikujua niseme vipi. Umenisaidia. Asante."

Nikamuuliza kwa nini aliacha ile ya mikono.

"Veta sikumpiga kamwe."

"Mimi ulinipiga."

"Mara tatu. Na wewe umenipiga kitabu kizima."

Ningeondoka hapo ningekuwa na heshima kidogo. Nikauliza, "Na mimi ungeniambia nini? Kwa maneno yako mwenyewe."

Aliacha kukunja. Aliwaza kwa uaminifu, niliona anatafuta, anainua hiki na kile, kwa sababu mama yangu si mtu wa kumdanganya mtu. Alitafuta mpaka nikatamani aache.

"Kwamba plamu uliokota vizuri," akasema.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimefunga sanduku. Nimefungua sanduku. Basi ni kesho.

Ijumaa, 18 Oktoba, Bukaresti
Siku tatu nilijaribu kuiandika sura ya mwisho upya ili nilipize kisasi. Nilimfanya mama mchawi, nikamfanya Veta mnafiki aliyewinda nguo. Nilikuwa na hasira ya kutosha na kalamu nzuri, lakini kila nilichoandika kilikuwa uongo wa aina ile usiosimama. Nilimpa Veta njama, akakataa kuibeba. Anaingia tu, anajimiminia kahawa, anakaa.

Leo asubuhi nimerudi kwenye sura ya zamani, ile niliyomsomea kwenye mvua. Nimefuta sentensi ya mikono. Kila palipoandikwa binti, nimeandika jirani. Sijagusa kingine, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikuona cha kurekebisha.

Jumatatu, 21 Oktoba
Manole amepiga simu, sauti imemkauka. Anasema ni sura bora kuliko zote nilizowahi kumpa. Ana swali moja tu: binti nimempeleka wapi, mbona kwenye matanga ya mama yake haonekani?

Nimemwambia yuko jikoni anaosha sahani, mlango uko wazi, anasikia yote.